Wabeba Kuni wa Ukutani

Alhamisi, tarehe 19 Agosti 2021, nilimpoteza mama yangu, na wiki ile ile nikapoteza kilio chake. Mama nilimpoteza kama watu wote wanavyowapoteza wazazi: alikuwa mzee, moyo ulikuwa umechoka, na madaktari walikuwa wametuambia mapema. Kilio ni jambo jingine. Kwetu mtu akifa watu hujaa uani, moto unawashwa, wanaume wanauzunguka, wanawake wanakaa kwenye mikeka na mfiwa, na kila anayekuja anakuja na kitu mkononi au kichwani, unga, maji, kuni. Hakuna anayeulizwa ameitwa na nani. Mwaka ule, hapa Sydney, sheria iliruhusu watu kumi makaburini na mgeni yeyote nyumbani hapana, na mimi mwenyewe sikuwa hata miongoni mwa hao kumi. Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita Nyambura, nesi wa Kikenya aliyekuwa jirani yetu Lidcombe, alikuja kututembelea kutoka Perth alikohamia. Kabla hajavua koti alitazama ukuta juu ya televisheni, akaona msumari mtupu, akauliza, "Na ile picha ya shosho iko wapi?" Shosho, yaani bibi, ndivyo alivyozoea kumwita mama. Nilimwambia akae kwanza, nikaweka chai ya maziwa jikoni, nikamsimulia. Alipoondoka nikaona si vizuri kuisimulia mara moja tu kisha ipotee. Watu hudhani mtu hulelewa utotoni tu akamaliza. Mimi nililelewa mara ya pili nikiwa na miaka zaidi ya arobaini, ndani ya mwaka mmoja, na mmoja wa walezi wangu alikuwa picha iliyookotwa barabarani.

Iliokotwa kweli, sisemi kwa mfano. Ilikuwa kiangazi, mwanzoni mwa mwaka huo, kabla mji haujafungwa, na ilikuwa zamu ya mtaa wetu kutoa vitu vikubwa nje ili gari la manispaa lije kuvikusanya. Sisi tuliotoka kambi ya wakimbizi tunazipenda siku hizo kuliko sikukuu. Kochi letu lilitoka huko, na meza ambayo binti yangu Divine alisomea mpaka akamaliza shule. Mama alikuwa na kawaida ya kuzunguka mtaa asubuhi, koti zito juu, kitenge chini, soksi ndani ya kandambili, na asubuhi ile alirudi akihema kwenye ngazi, amekumbatia fremu kubwa kama sinia la harusi. Aliiegemeza ukutani, akakaa, akanywa maji, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Burundi, "Wazungu hawana haya. Watu wako ku kilio, wanawatupa ku barabara." Nilitoka jikoni kuangalia. Ilikuwa nakala ya picha ya zamani ya rangi. Ni usiku, moto mkubwa unawaka katikati, na nyuma milima myeusi. Upande wa kushoto wa moto wamesimama wanaume vifua wazi, miili imepakwa rangi nyeupe, nyuso zimefunikwa kwa kitambaa cheusi, na juu ya vichwa vyao kuna mbao nyembamba zimesimama na kupishana, ndefu kama mkono. Kuwazunguka kuna wanawake waliojifunika mablanketi, wazee wamekaa chini, na kwa mbali vichwa vya farasi. Chini ya fremu palikuwa na kibati cha shaba kilichochakaa, na neno pekee nililoweza kulisoma ni Apache. Nilijua ni jina la watu wa Amerika. Zaidi ya hapo sikujua.

Mama hakuhitaji kibati. Kwake mambo yalikuwa wazi. Moto upo, wanawake wamejifunika, wazee wamekaa kimya, na wanaume wanafika wakiwa wamebeba kuni kichwani, kama inavyotakiwa mtu akienda msibani. Alisema kuni zile zimepasuliwa vizuri, watu wale wana heshima. Divine alipanda juu ya kiti akaitundika juu ya televisheni, na tangu siku hiyo sebule yetu ikawa na watu. Mama aliwapa majina ya watu wa kambini. Mwanamke mwenye blanketi jekundu akawa Mama Fidela, aliyekuwa akiishi hema la pili kutoka letu. Mzee aliyekaa ameshika fimbo akawa Mzee Barinabe, aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa foleni ya maji. Wote hao hatujui walipo leo, wala kama wapo. Farasi hawakupewa majina kwa sababu kambini hakukuwa na farasi. Tulipokaa kula, sombe ya majani ya muhogo na ugali, au maharage yenye mawese ambayo mama aliyapika tangu asubuhi mpaka nyumba nzima inanukia, aliwatupia jicho kama mtu anayeangalia kama wageni wamekwisha kuhudumiwa.

Jambo lililonifanya niijali picha ile sikuambiwa mimi. Nilisikia tu. Nyambura alikuwa na desturi ya kupita kwetu akitoka shifti ya usiku, kabla hajaenda kulala, kwa sababu mama alikuwa na chai tayari. Asubuhi moja mimi nilikuwa jikoni nikisonga ugali wa kubeba kazini, na mlango wa jikoni kwetu ulikuwa pazia tu. Nyambura alikuwa akimchokoza mama, kama kawaida yake.

"Shosho, hao wako kwa sherehe bana. Si unaona vile wanaruka?"

"Kuko mutu anacheka hapo?" mama akauliza.

Nadhani Nyambura aliwakagua mmoja mmoja, kisha akakubali kwamba hakuna.

"Basi. Ni sherehe gani watu hawacheki?"

"Na hizo barakoa? Ama hata wao walikuwa na korona?"

"Ni moshi. Kuni ni mbichi. Wewe ukileta kuni mbichi ku kilio cha watu, utaacha kufunika uso?"

Nyambura alicheka mpaka nikasikia kikombe kikigonga meza. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye bado anacheza, "Haya shosho, nimekubali. Na ni nani amekufa?"

Treni ilipita, maana sisi tulikaa karibu na makutano ya reli, na tulizoea kusubiri treni imalize ndipo tuendelee na mazungumzo. Treni ikamaliza. Mama akasema, "Baba Deo. Amelala pale nyuma ya moto. Haonekani kwa sababu watu ni wengi."

Deo ni kaka yangu mkubwa. Baba Deo ni baba yetu. Tulimwacha njiani tulipokuwa tukikimbia, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, na kama kuna aliyemzika sisi hatumjui. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akimlilia. Nilidhani alikwisha kumaliza, kwa namna watu wa umri wake walivyojua kumaliza mambo bila kutuambia. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukashika chini. Sikuingia sebuleni. Niliona kwamba mama amemwambia jirani jambo ambalo hakuweza kumwambia mwanawe, na hilo lilikuwa lake. Lakini tangu siku ile, kila nilipofuta vumbi la televisheni niliifuta na fremu, taratibu, na mahali pale nyuma ya moto niliacha kupapita haraka.

Majira ya baridi yakaja, na mji ukafungwa. Upande wetu wa magharibi tulifungwa zaidi ya wengine. Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya malezi, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, kwa hiyo mimi niliruhusiwa kutoka, lakini kwa kibali ndani ya simu, na polisi walisimama kituoni wakiuliza unakwenda wapi. Helikopta ilizunguka juu ya mapaa. Mama aliniuliza kile ninachowaonyesha polisi ni nini, nikamwambia ni ruhusa ya kutoka. Alicheka kwa muda mrefu. Kambini nako hukutoka bila ruhusa. Akasema, "Tumerudi kambini, mwanangu. Ila hii ina maji ya moto." Alilirudia neno hilo kwa kila aliyempigia simu, na kila mmoja alicheka, na naamini ndilo lililotuvusha mwezi wa Julai.

Katika wiki ya kwanza ya Agosti kifua kilimbana asubuhi, baada ya kuinjika maharage. Watu wa ambulensi walikuja wamejifunika mwili mzima, wakamweka kwenye kiti cha kubebea, na walipokuwa wakimpitisha mlangoni alinishika mkono wa sweta. Nilidhani anataka kuniambia jambo kubwa. Alisema, "Maharage bado." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho aliyoniambia uso kwa uso, na sitayabadilisha ili yapendeze. Niliyapika mpaka yakaiva. Hospitali haikuruhusu mtu kumtembelea, tuliongea kwa simu siku alizoweza. Kisha kazini kwangu akapatikana mgonjwa wa korona katika upande niliokuwa nikihudumia, nikapigiwa simu nikaambiwa nijifungie ndani wiki mbili. Kipimo changu kilionyesha sina ugonjwa, lakini wiki mbili zilikuwa wiki mbili. Divine, kwa kuwa tunaishi pamoja, naye alifungiwa nami. Tulikuwa humo ndani hospitali ilipopiga. Mama hakufa kwa korona, na nasema hivyo kwa sababu watu wengi walituuliza kwa sauti ya chini. Alikufa kwa moyo wake mwenyewe.

Deo, ambaye anakaa Penrith na ni shemasi wa kanisa, ndiye aliyebaki kupanga kila kitu. Alinipigia jioni ile. Kaka yangu si mtu wa maneno mengi, nami nilitangulia kumwita jina. Akasema, "Esperansi, wamenipa watu kumi. Nimwache nani?" Nilimwambia sijui, kaka. Baadaye nilisikia kwamba siku ya mazishi watu walifika na magari yao, wengine kutoka mbali wakiwa na hatari ya kupigwa faini, na yeye ndiye aliyesimama kwenye geti la makaburi kuwaambia warudi. Wanawake waliomlea kanisani, aliwarudisha. Hilo hajawahi kunieleza. Mke wake ndiye aliyeniambia.

Sisi tulitazama kwa simu ya Divine. Aliisimamisha mbele ya televisheni, akaiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, tukakaa chini kwenye mkeka. Mchungaji aliomba, upepo ukapiga kwenye simu mpaka maneno yakapotea. Wakaanza kuteremsha jeneza, na hapo picha ikaganda. Koleo likasimama hewani, mkono wa mtu ninayemjua umesimama, na duara ndogo ikazunguka katikati ya kioo. Divine alijaribu kila alichojua. Nilimwambia aache. Niliinua macho kutoka kwenye simu, na hapo juu yake, mahali pale pale pa siku zote, moto ulikuwa unawaka na watu walikuwa wamefika. Mama Fidela alikuwepo na blanketi lake. Mzee Barinabe alikuwepo. Wabeba kuni walikuwa wamefika. Hakuna mtu aliyekuwa amewahesabu getini. Nililia mbele yao kama mtu anavyolia mbele za watu, kwa sauti, bila kujali jirani, na niliwataja majina kama mama alivyowataja, nikiwaambia mmoja mmoja kwamba mama amekwenda. Divine alinishika mgongo. Tulipomaliza kulia tulisikia mlango unagongwa na hatua zikirudi nyuma haraka, kama sheria ilivyotaka. Nilifungua nikakuta chapati zimefungwa kwenye foili, na juu yake vijiti vikavu vya mkaratusi, vimefungwa fundo kwa bendeji ya hospitali. Nyambura alikuwa amesimama mlangoni kwake, barakoa usoni. Alisema, "Pole, Mama Divine. Nimeleta kuni."

Vile vijiti sikuwa na pa kuvichomea. Niliviweka juu ya kabati la vyombo, na vilikaa hapo mwaka mzima.

Divine alikuwa na mtihani wake wa mwisho wa shule mwaka ule, na mtihani uliahirishwa mara moja, basi alikuwa mezani kila wakati na vitabu vyake. Alipomaliza, karibu na Krismasi, alinikalisha kwenye kochi akazima televisheni. Binti yangu anakielewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na akiwa na jambo zito Kiingereza chake huwa cha polepole, kwa heshima yangu. Aliniambia kwamba ile picha si msiba. Aliipiga picha kwa simu tangu wiki ile ile ya mazishi akaitafuta, akajua, na alinyamaza kwa sababu aliniona nilivyokaa mbele yake. Ilichorwa karne ya kumi na tisa na Mmarekani mweupe. Watu wale ni Waapache walio kwenye shughuli yao takatifu, wanayoifanya msichana anapoingia utu uzima, na pia kumwombea mgonjwa apone. Wanaume waliofunika nyuso wanasimama mahali pa roho za milimani zinazokuja kuwasaidia watu. Zile mbao si kuni. Ni taji. Wenyewe wapo mpaka leo, wanacheza mpaka leo, na baadhi yao hawapendi shughuli hiyo ichorwe wala kupigwa picha. Nilimuuliza kama mchoraji aliikuta au alisimuliwa tu. Akasema hajui, hakuona popote palipoandikwa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuona aibu kwa ajili ya mama. Nadhani ni kwa sababu Divine alisoma na zaidi. Aliniambia kwamba miaka ile picha ilipochorwa, Waapache wengi walikuwa wamekusanywa na wanajeshi wakawekwa sehemu moja, wakigawiwa chakula kwa zamu, na hawakutoka bila kibali. Niliposikia hivyo niliinuka nikaenda kuitazama kwa karibu. Mama hakujua kusoma, na alikosea kuhusu kuni, alikosea kuhusu moshi. Lakini katika barabara nzima ya vitu vilivyotupwa aliwatambua watu waliowahi kupanga foleni. Na sisi tulikuwa tumewaweka ukutani bila wao kutualika. Nilifikiri kuishusha, kwa heshima yao, na sikuishusha, kwa sababu ya yule aliyelala nyuma ya moto. Yote mawili yalikuwa kweli na nilikaa nayo.

Vizuizi vilipolegezwa Deo alikuja kwetu na familia yake. Alikula, akaomba, akamtaja mama vizuri. Kisha akainua macho. Akaniuliza zile pembe ni za nini. Nilimwambia mama alisema ni kuni. Aliitazama muda mrefu kama mtu anayesoma hati, akasema kuni hazisimami hivyo, na kwamba hajapenda mama amelala miezi yake ya mwisho chini ya kitu cha namna hiyo. Hakupandisha sauti. Katika kanisa letu, na kwa watu wa kwetu wengi, neno ngoma lina pande mbili. Kuna ngoma ya kupiga, ya harusi, ya kumpokea mgeni, hiyo haina neno. Na kuna ngoma ya mizimu, ya kupunga pepo, na mtu aliyeokoka haiweki nyumbani. Kwa miezi hatukulizungumza.

Mwaka unapotimia, sisi Warundi tunafanya kuganduka, ndiko kuondoa matanga. Siku hiyo mfiwa anaachiwa, watu wanakula, wanakunywa, kilio kinafungwa rasmi. Deo aliamua ifanyike kwake Penrith, kwa kuwa ana uwanja nyuma ya nyumba na watu wangeweza kuja wote, bila geti. Wiki moja kabla alinipigia simu. Alisema, "Uje na ile picha. Kama ni kilio kama alivyosema mama, itakaa na sisi. Kama ni ngoma, inaingia motoni. Wewe niambie ni nini, na nitakuamini." Nilikaa na maneno hayo wiki nzima, kwenye treni, kazini, nikimgeuza mzee mmoja baada ya mwingine. Neno moja tu lilitakiwa. Ningeweza kusema kilio, na lisingekuwa la uongo kabisa. Ningeweza kusema sherehe, na Deo asingeuliza zaidi. Divine alisema kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba ninaweza kutumia neno lile la kitabuni alilolisoma, ceremony, lisiloegemea upande wowote. Nikamwambia mjomba wako hakuniuliza kwa Kiingereza.

Jumamosi ile tulipanda treni mpaka mwisho wa mji, Divine ameibeba picha ndani ya shuka, mimi nina vijiti vya Nyambura kwenye mkoba. Jua lilikuwa zuri la baridi. Nyuma ya uzio wa Deo unaiona milima. Alikuwa amekata pipa la chuma akawasha moto ndani yake, na watu walikuwa wamejaa, wale wale aliowarudisha makaburini, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kulikuwa na sufuria za wali, ndizi, nyama ya mbuzi, soda kwenye ndoo za barafu. Mke wa Deo alikuwa amepika maharage tangu asubuhi. Mchungaji aliomba, wazee wakasema yao, na ilipofika zamu ya watoto wa marehemu Deo alinionyesha kiti mbele ya moto. Nililifungua lile shuka, nikaiweka picha juu ya kiti, watu waione. Yeye alisimama upande wa pili, suti nyeusi, mikono nyuma. Aliniuliza mbele ya wote, kwa upole, "Mdogo wangu, hii ni nini?"

"Mama alisema ni kilio," nilimwambia. "Mama alikosea. Ni ngoma."

Watu walinong'ona. Nikaendelea, kwa sababu sikutaka neno hilo libaki peke yake. Niliwaambia yote aliyoyasoma Divine, msichana, mgonjwa, roho za milimani, taji. Sikuficha roho. Nikasema watu hawa si wetu na mambo yao ni yao, na siwezi kuwasemea. Kisha nikasema, "Lakini kaka, nilimsikia mama. Nyambura alimuuliza ni nani amekufa. Akasema ni Baba Deo."

Mikono ya Deo ilitoka nyuma. Alizunguka moto akaja kusimama karibu nami. Aliinama mbele ya kiti, koti la suti likigusa majani, akaitazama picha kama tulivyoitazama sisi kila siku na yeye hakupata kuitazama.

"Alisema amelala wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya moto. Alisema haonekani kwa sababu watu ni wengi."

Hata watoto waliokuwa wakikimbizana walisimama. Nilitoa vijiti kwenye mkoba, nikafungua bendeji, nikavitia kwenye pipa, na vikashika mara moja, vikatoa harufu ile kali ya mkaratusi. Upepo ulituletea moshi usoni. Deo alikohoa, akasimama, akaichukua picha kwenye kiti. Nilijiandaa. Alisema, "Moshi utaiharibu," akaiingiza ndani ya nyumba, na haijatoka humo tangu siku hiyo. Tulibaki tumesimama tukiutazama moto unashuka. Kisha mlango wa gereji ulifunguliwa, akatoka na mzigo wa kuni. Alikuwa amezinunua kwenye mifuko, lakini alikuwa amezitoa akazifunga kwa kamba, na alikuwa amezibeba kichwani, mkono mmoja juu, suti na tai na vumbi la magome mabegani. Alipita katikati ya watu, wakampisha njia. Akazishusha mbele ya moto, akafungua kamba, akaanza kuziweka moja moja. Kisha akarudi gereji kuchukua nyingine, na wanaume wawili wakainuka wakamfuata.